Ugonjwa wa Siliaki na Meza ya Jamaa: Namna ya Kula Pamoja bila Kuumia

Katika familia nyingi za Afrika Mashariki, mgeni asiyeonja chakula humwacha mwenyeji na maswali. Je, amedharau mikono iliyopika? Ana kinyongo? Anahofia kutiliwa kitu? Kwa sababu hiyo watu wengi hula hata wasipotaka, ili kulinda undugu. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, adabu hiyo ina gharama: tonge moja la chapati linaweza kumrejeshea maumivu ya tumbo, kuhara na uchovu wa siku kadhaa, na tonge zinazorudiwa huharibu utumbo hata asipohisi lolote. Makala haya yanaeleza ugonjwa wenyewe kwa ufupi, kisha yanageukia jambo linalowasumbua zaidi wagonjwa: kula nje ya nyumba zao, pamoja na watu wanaowapenda.

Ugonjwa wenyewe

Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe pale mtu anapokula gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijidole vidogo sana vinavyofyonza virutubisho. Kinga ya mgonjwa inapochochewa na gluteni, vijidole hivyo husinyaa na kulala bapa. Matokeo yake ni kuhara, tumbo kujaa gesi, kupungua uzito, upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma, mifupa kudhoofika, watoto kudumaa, na kwa wengine kushindwa kushika mimba au mimba kuharibika. Wapo pia wasio na dalili yoyote ya tumbo.

Hadi sasa tiba inayotegemewa ni moja: kuacha gluteni maisha yote. Ujuzi huo una historia. Mwaka 1888 daktari Mwingereza Samuel Gee alichapisha maelezo ya ugonjwa huu na kuandika kwamba mgonjwa akipona, atapona kwa njia ya chakula. Hakujua ni chakula kipi. Jibu lilitokana na kazi ya daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Tangu miaka ya 1930 alikuwa akiishuku ngano, na katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika nchini mwake, hali ya watoto wagonjwa ilimtia nguvu katika shaka hiyo. Aliwasilisha matokeo ya uchunguzi wake katika tasnifu ya mwaka 1950.

Inakadiriwa kwamba duniani mtu 1 hivi katika kila 100 ana siliaki, na wengi hawajagunduliwa. Wapo wanaouita ugonjwa wa Wazungu. Hata hivyo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 miongoni mwa watoto wa Wasaharawi, katika Afrika Kaskazini, ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wakiwa nao. Katika hospitali zetu, mtu anayeharisha na kukonda hufikiriwa kwanza kuwa na minyoo, amiba, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI, na ni haki kuvichunguza hivyo kwanza. Vikikosekana, siliaki nayo istahili kuulizwa. Kipimo cha mwanzo ni cha damu, kinachotafuta kingamwili maalumu; mara nyingi hufuatiwa na kuchukua kipande kidogo cha utumbo kwa mpira wenye kamera. Mtu asiache ngano kabla ya vipimo, kwani majibu yanaweza kuonekana mazuri ilhali ugonjwa upo.

Kiasi gani ni kidogo?

“Kula kidogo tu, hakitakudhuru.” Maneno haya husemwa kwa mapenzi, na ndiyo yanayowaumiza wagonjwa wengi. Kipande kimoja cha mkate kina takriban gramu 2 za gluteni. Utafiti uliofanyika Italia na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 tu kwa siku, zikiliwa kwa miezi 3, zilitosha kuharibu utumbo wa wagonjwa. Hiyo ni sawa na kukigawa kipande hicho mara 40 na kula sehemu moja.

Hapa ndipo siliaki inapotofautiana na kisukari, ugonjwa ambao familia nyingi zimeshazoea kuupikia. Mgonjwa wa kisukari akitengewa chai isiyo na sukari, mambo yametengemaa. Mgonjwa wa siliaki anaweza kutengewa wali safi, kisha ukachotwa kwa kijiko kilichotoka kwenye sahani ya tambi. Aidha, mazoea ya kisukari huleta kosa jingine: jamaa humwandalia chapati za unga wa ngano usiokobolewa wakidhani ni salama kwa kuwa ni za “afya”. Ngano iliyokobolewa na isiyokobolewa zote zina gluteni. Wapo pia wanaosikia kwamba mgonjwa “hali unga”, wakamnyima hata ugali wa mahindi ambao kwa asili hauna gluteni kabisa.

Kilicho salama na kilichojificha

Habari njema ni kwamba vyakula vyetu vingi vya asili havina gluteni. Mchele, mahindi, mtama, uwele, ulezi, muhogo, magimbi, viazi, ndizi, maharage, kunde, samaki, nyama, mayai, maziwa, nazi, mboga na matunda vyote vinafaa vikiwa vitupu. Meza ya futari yenye muhogo wa nazi, magimbi na samaki ina mengi ya kumshibisha mgonjwa kuliko meza ya mkate na keki.

Ngano nayo ina maficho yake. Chapati, maandazi, sambusa, kaimati, visheti, tambi na mkate wa maji hujulikana. Lakini boko boko hupikwa kwa ngano. Urojo wa Zanzibar kwa kawaida huzidishwa uzito kwa unga wa ngano. Vitumbua na mkate wa kumimina ni vya mchele, ila wapo wapishi wanaovichanganya na ngano. Katlesi na samaki wa kukaanga huweza kupakwa unga. Soseji, vidonge vya supu, sosi ya soya na unga wa uji uliochanganywa nafaka nyingi vinahitaji kusomwa lebo. Bia nyingi na vinywaji vya kimea hutokana na shayiri.

Kuna pia uchafuzi usioonekana. Mafuta yaliyokaanga maandazi asubuhi, yakikaanga viazi mchana, huacha gluteni katika viazi hivyo, moto hauiondoi. Mashine ya kusaga inayopitisha ngano huacha mabaki katika unga wa mahindi wa mteja anayefuata. Ni hivyo hivyo kwa chuma cha chapati kinachotumiwa kupasha ndizi.

Mgahawani

Jamaa wanapokubaliana kula nje, mgonjwa asingoje kuchaguliwa mahali. Apendekeze mapema mgahawa anaoujua, au apige simu na kuzungumza na mpishi saa ambazo jiko halijazidiwa na wateja. Akifika, asiulize kama chakula kina gluteni, kwa kuwa wahudumu wengi hawalijui neno hilo na hujibu “hakuna” kwa nia njema. Maswali yenye manufaa ni ya jikoni: Je, mchuzi huu umetiwa unga wa ngano? Mafuta haya yamekaanga nini leo? Nyama imelowekwa kwenye sosi gani? Chuma hiki kimechoma chapati?

Chakula kinachoonekana chote ni rahisi kukithibitisha kuliko kilichochanganywa. Samaki mzima wa kuchoma kwa chumvi na ndimu, ndizi za kuchemsha na nyama, wali na maharage, mchemsho wa kuku na viazi, au ugali na mboga za majani ni chaguo jema. Chipsi zinafaa tu pale penye karai lake pekee. Muhudumu akijibu kwa kubahatisha, mgonjwa aagize ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha na chai, kisha aendelee na mazungumzo. Ni busara kula kitu nyumbani kabla ya kutoka, ili njaa isimshawishi kukubali jibu la kubahatisha.

Nyumbani kwa jamaa

Kwa shangazi au mama mkwe mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa hakuna anayeuza wala kununua, kuna heshima. Wagonjwa wengi husingizia shibe. Hila hiyo hufaa mara moja, kisha huzaa manung’uniko, na safari inayofuata sahani hujazwa maradufu. Ukweli uliosemwa mapema hufaa zaidi, tena kabla sufuria haijapanda jikoni. Anaweza kusema: “Shikamoo shangazi. Tunakuja Jumapili kwa furaha. Hospitali wamenipima wakakuta ngano inaniumiza utumbo, hata chembe yake. Wali wako na samaki ninavila vizuri, naomba tu nitengewe kabla ya chapati kuingia mezani.” Maneno haya yanataja hospitali, hivyo hayaonekani kuwa maringo, yanataja anachokila, hivyo mpishi hupata la kufanya, na yanaomba jambo dogo.

Sinia ndilo linalohitaji uangalifu zaidi. Watu wanapokula pamoja, mkono uliokata chapati ndio unaorudi kwenye wali na mchuzi. Suluhisho ni kumpakulia mgonjwa jikoni, kwa kijiko safi, kabla ya wengine. Lakini kijana, au bibi arusi mgeni katika ukoo, kupakuliwa mbele ya wazee huonekana utovu wa adabu. Hivyo sahani yake iwekwe kando kwa utulivu na kufunikwa, kisha iletwe wazee wanapoanza kula. Anakaa mkekani pamoja nao, anashiriki dua na maongezi. Tofauti ni sahani tu. Inafaa pia awe na mtu mmoja wa kumsemea, mume, dada au binamu, ili asilazimike kujieleza katika kila karamu.

Mgonjwa naye ana wajibu. Aende na chakula cha kutosha kushirikiana, kwa mfano vitumbua vya mchele mtupu au biriani aliyoipika mwenyewe. Afike mapema asaidie jikoni, aone kinachotiwa sufuriani. Asihubiri mezani wala asikague sahani za wengine.

Akila kwa bahati mbaya, asijitapishe. Anywe maji ya kutosha na apumzike. Akiharisha au kutapika kwa wingi, aende hospitali kwa ajili ya upungufu wa maji. Mpishi asilaumiwe, aelezwe tu kilichotokea ili kisijirudie.

Jambo linaloihusu familia nzima

Jamaa wana sababu nyingine ya kusikiliza. Siliaki huandamana na nasaba: kati ya wazazi, ndugu na watoto wa mgonjwa, takriban mtu 1 katika kila 10 huweza kuwa nayo. Dada mwenye upungufu wa damu wa miaka mingi, au mpwa aliyedumaa bila sababu, huenda anakula chapati ile ile anayoepushwa mgonjwa. Kipimo cha damu kwa ndugu hao ni hatua ya busara, hata kama hawana malalamiko ya tumbo.

Hivyo mgonjwa anayeeleza hali yake kwa upole hajitengi na ukoo wake. Huenda maelezo yake ndiyo yatakayompeleka hospitali ndugu mwingine ambaye kwa miaka mingi ameambiwa ana mchango.