Usilipe Taka Zako Zichukuliwe Halafu Ukanunue Mbolea: Tengeneza Mboji Mjini



Wengi wenu mnaolima mchicha, matembele na chainizi hapa Dar es Salaam mnauliza namna ya kupunguza gharama ya mbolea. Sasa hebu angalia mfuko wako wa taka: maganda ya ndizi, mabaki ya mboga, majani ya chai. Unalipa ada ya taka ili vichukuliwe, kisha unaenda dukani kununua mbolea. Hiyo ni hasara mara mbili.

Zikiondoka kwako zinafanya nini?

Taka nyingi zinazokusanywa jijini huishia dampo la Pugu Kinyamwezi. Mabaki ya chakula yakifukiwa chini ya lundo kubwa, yanaoza bila hewa na kutoa gesi ya methani. Kilo moja ya methani hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kilo moja ya hewa ukaa, ukipima kwa miaka 100. Hapo bado mafuta ya lori. Zile zisizofika dampo zinaziba mitaro, na mvua ikinyesha tunayaona wenyewe bonde la Msimbazi.

Mboji iliyotunzwa vizuri inaoza ikiwa na hewa, kwa hiyo methani inakuwa kidogo sana.

Jinsi ya kutengeneza

1. Chagua sehemu yenye kivuli, maji yasipotuama. Lundo liwe na urefu, upana na kimo cha mita 1. Likiwa dogo zaidi halishiki joto.
2. Tandika vijiti chini ili hewa ipite.
3. Weka tabaka la vitu vikavu (majani makavu, maranda, maboksi yaliyochanwa), kisha vibichi (maganda, mabaki ya mboga, samadi ya kuku). Kwa ujazo, vikavu viwe ndoo 2 hadi 3 kwa ndoo 1 ya vibichi.
4. Nyunyiza maji. Chukua kiganja ukamue: yatoke matone machache tu.
5. Baada ya siku chache ingiza fimbo katikati. Ukiitoa ina joto kali, mambo yanaenda vizuri. Joto la nyuzi 55 hadi 65 huua mbegu nyingi za magugu na vimelea.
6. Geuza kwa chepe kila wiki. Baada ya miezi 2 hadi 3 itakuwa nyeusi, inanukia udongo.

Taka za nyumbani hazitoshi? Masoko ya Mabibo na Buguruni yana mabaki kila siku. Ongea na wafanyabiashara, chukua ya soko lililo karibu nawe.

Likinuka, chukua hatua siku hiyohiyo

Wengi mnalima viwanja vya kuazima. Jirani akilalamika kwa mwenyekiti wa mtaa, unaweza kupoteza eneo. Harufu mbaya maana yake maji ni mengi na hewa ni kidogo: geuza, ongeza maranda, funika kwa majani makavu. Lisipopata joto, basi ni kavu sana au vibichi ni vichache.

Usiweke nyama, samaki, mafuta ya kupikia, plastiki wala betri. Nyanya zenye mnyauko bakteria zisiingie kabisa.

Hesabu yake

Lundo la mita 1 ya ujazo hupungua hadi karibu nusu, yaani lita 500. Hizo ni ndoo 25 za lita 20. Ukiweka ndoo 1 kwa mita 2 za mraba, unapata mita 50 za mraba: matuta 5 ya mita 1 kwa 10. Anza lundo jipya kila mwezi, na baada ya miezi 3 utakuwa unavuna mboji kila mwezi.

Mboji haiondoi kabisa hitaji la urea kwenye mchicha unaouzwa. Lakini udongo wa kichanga wa Dar ukipata mboji hushika maji na virutubisho, kwa hiyo unamwagilia kidogo na urea haipotei ovyo. Punguza kidogokidogo kwenye tuta moja, linganisha na jingine, kisha amua.

Jumamosi hii weka ndoo mbili jikoni, moja ya vinavyooza, nyingine ya visivyooza. Kazi inaanzia hapo.

Kilimo chema!