Dakika Inayolipwa na Saa Unayoikalia

Daktari aliyeko Marekani akipokea mgonjwa kutoka Kivu, mara nyingi hupiga simu ili mkalimani wa Kiswahili aingie kati yao. Mkalimani huyo mara nyingi hulipwa kwa dakika. Simu ikikatwa, malipo nayo hukatika.

Tuseme ameahidiwa senti 40 za dola kwa dakika. Zidisha kwa 60, unapata dola 24 kwa saa. Hesabu ni sahihi, nayo huwavuta watu kutia saini. Lakini inachukulia kwamba ataongea dakika zote 60, simu moja ikipokezana na nyingine bila mwanya.

Kipato halisi hutafutwa kwa kugawanya: chukua fedha zote za zamu, uzigawe kwa saa zote ulizokaa na hedifoni kichwani. Mkalimani wetu akikaa saa 2 na kuongea dakika 35 tu, amepata dola 14, yaani dola 7 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani, tangu 2009, ni dola 7.25 kwa saa, na anayeandikishwa kama mfanyakazi wa kujitegemea hata hicho hakimhusu. Kungoja ni kazi. Simu inaweza kulia wakati wowote, kwa hiyo huwezi kutoka kwenda sokoni wala kumbembeleza mtoto anayelia chumba cha pili.

Kwa wanaonukuu sauti kuwa maandishi, mtego ni mkali zaidi, maana dakika inayolipwa ni ya rekodi. Rekodi ya saa moja, hata ikiwa safi, huweza kumchukua mzoefu saa 4. Dola moja kwa dakika inasikika kama 60 kwa saa, kumbe ni 15.

Tazama pia nukta ya desimali. Dakika 45 ni saa 0.75, si 0.45. Anayeandika saa 1.45 kwenye ankara akikusudia saa moja na dakika 45 amejidhulumu dakika 18.

Ukitaka kupanga bei, anzia mwisho. Unahitaji dola 15 kwa saa, na kwa uzoefu wako huongea dakika 30 katika kila saa ya zamu? Gawa 15 kwa 30, uombe senti 50. Kisha uliza kabla ya kutia saini: simu ya dakika 3 na sekunde 40 italipwa kama 3, kama 4, au kwa sekunde zake?