Shule yaweza kuhama

Ndugu zetu wa Kasongo na Kabambare, kijiji kikiachwa, wazazi wengi hudhani shule nayo imekwisha. Sivyo. Mwaka 1947 Kanisa la Mennonite, ambalo hufundisha kutoshika silaha, lilifungua shule ya Mara Hills karibu na Musoma, Tanzania ya leo, kwa watoto wa wamisionari. Mwaka 1967 ilihamia Nairobi, penye shamba la kahawa. Sasa ni Rosslyn Academy. Ni shule ya kulipia, na haikukimbia vita, tunajua. Lakini majengo yalibaki, shule ikaendelea.

Kwa hiyo mkikimbia, bebeni buletini za watoto pamoja na masufuria. Mwalimu mkuu abebe daftari la majina. Huko mwendako, kumbukeni kwamba tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure nchini Kongo.

Nanyi viongozi mnaopokea wageni: jamaa zikilala darasani, zitafutieni upesi pahali pengine. Madawati yakigeuzwa kuni na vyoo vikijaa, watoto wa wenyeji pia hukosa masomo, na hapo ndipo ugomvi huanza. Vyumba vikiwa vichache, gawaneni zamu: kundi moja asubuhi, jingine mchana, lakini changanyeni watoto wa pande zote mbili katika kila kundi.