Kuvu ukutani: ni kazi ya nani?

Majira ya mvua yakifika, ugomvi mmoja huzaliwa katika nyumba nyingi za kupanga. Doa jeusi huonekana nyuma ya kabati, na baada ya siku chache limekwisha enea hata juu ya kitanda cha watoto. Mpangaji hulalamika: «Nyumba yako inaoza!» Mwenye nyumba hujibu: «Ninyi ndio mnaoiozesha, mwafunga madirisha, mwaanika nguo chumbani.» Basi hugombana mwezi mzima, na ukuta haukauki.

Kabla ya kuuliza kosa ni la nani, yafaa tuulize maji yametoka wapi, kwani kuvu haiishi pasipo unyevu. Yako maji yanayopanda toka ardhini, kwa sababu msingi ulijengwa bila kizuio. Alama yake huanzia chini ya ukuta. Yako yanayoingia kwa bati lililotoboka au bomba lililopasuka. Tena yako yanayotoka kwetu sisi wenyewe: pumzi za wanaolala, mvuke wa sufuria, nguo mbichi. Mvuke huo ukigusa ukuta wa baridi hugeuka matone. Ndio huu wa mwisho tu ambao mpangaji aweza kuupunguza kwa kufungua dirisha. Kwa yale mawili ya kwanza, hata akifungua milango na madirisha yote, atachoka bure.

Na hata juu ya mvuke tusimhukumu upesi. Nani atalala dirisha wazi mahali penye wezi na mbu? Mwenye kujenga chumba kisicho na tundu la hewa, wala wavu, wala chuma dirishani, asishangae kuona kuta zinalowa.

Hapa Kongo sheria haikunyamaza. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano yamtaka mwenye kupangisha aitunze nyumba ili ifae kwa matumizi yaliyopatanwa. Matengenezo madogo ni ya mpangaji, lakini si yale yanayoletwa na uzee wa nyumba.

Lakini sheria yafaa nini, ikiwa anayelalamika hasikilizwi? Katika mji wa Rochdale, Uingereza, aliishi mtoto Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudani. Tangu mwaka 2017 baba yake aliwaarifu wenye nyumba habari za kuvu. Akaambiwa aipake rangi juu. Mtoto alikufa Desemba 2020, mwenye umri wa miaka 2. Mnamo Novemba 2022 hakimu mchunguzi wa vifo alitamka kwamba mapafu yake yaliharibiwa na kuvu ya nyumba ile. Wenye nyumba walikuwa wameidhania jamaa hiyo kwamba mwenendo wake ndio uliozaa unyevu. Baadaye walikiri kwamba walikosa kudhani hivyo. Kumbe watu wale waliishi kama watu wote wanavyoishi, ila hewa haikupata njia ya kutokea.

Kwa ajili ya mtoto huyo Bunge la Uingereza lilitunga sheria mwaka 2023. Tangu 27 Oktoba 2025, mashirika na miji inayopangisha nyumba za jamii lazima yaondoe hatari kubwa ya ghafula kwa saa 24. Penye kuvu yenye kudhuru, lazima yachunguze kwa siku 10 za kazi, kisha yaondoe hatari kwa siku 5 za kazi. Yasipoweza, yawatafutie wapangaji mahali pengine pa kukaa.

Huku kwetu hatuna hesabu za siku namna hiyo, na kwa hiyo mpangaji ajilinde mwenyewe. Asogeze kabati mbali kidogo na ukuta. Akipika, mvuke utoke nje. Akiona doa, alipanguse, na watoto wasilale karibu nalo. Halafu aandike barua fupi yenye tarehe, aeleze mahali doa lilipo na siku lilipoanza, na nakala aiweke. Maneno ya mlangoni husahauliwa upesi, hasa siku ya kulipa kodi. Mwenye nyumba akija na kopo la rangi mkononi, amwombe kwa adabu wapande kwanza wote wawili kulitazama bati.