Kobalti Haikati Nyanya

Tangu serikali ya Kongo iliposimamisha usafirishaji wa kobalti tarehe 22 Februari 2025, kisha ikauruhusu tena kwa mgawo kuanzia tarehe 16 Oktoba mwaka huo huo, hakuna maongezi Kolwezi yasiyopitia madini hayo. Sasa yamefika hadi jikoni. Msomaji wetu mmoja wa Manika, mama mwenye nyumba ya walaji wengi, ameuliza swali. Sokoni ameonyeshwa visu viwili vinavyolingana kwa urefu na umbo. Kimoja kimechorwa neno kobalti kwenye bapa, na bei yake ni maradufu ya mwenzake. Muuzaji anamwambia hicho ndicho cha kudumu, kwani kobalti si mali ya kwetu? Anunue kipi?

Mama, nunua cha bei ndogo. Ila nipe nafasi nikueleze kwa nini, maana sababu yenyewe ni tamu kuliko jibu.

Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa ya hiyo inatoka kwenye ardhi hii ya Lualaba. Nyingi huishia kwenye betri. Lakini muuzaji hakusema uongo mtupu, kwa sababu kobalti imo pia katika vyuma vya kukatia. Mmarekani Elwood Haynes, wa mji wa Kokomo, alipata hataza mwaka 1907 kwa mchanganyiko wake wa kobalti na kromi. Na chuma kinachoitwa M42, ambacho hutengenezewa ncha za keekee na misumeno ya kukatia vyuma vingine, kina kobalti asilimia 8. Kazi yake humo ni moja: kuyazuia makali yasilegee yanapopata moto mkali wa msuguano, hata kufikia nyuzi 600 hivi. Fundi wa karakana za migodini anaihitaji sana. Wewe unayekata nyanya huihitaji hata chembe. Wajapani wana chuma cha visu kiitwacho VG-10, chenye kobalti kama asilimia moja na nusu. Ni chuma kizuri kweli, lakini humo humo mna kaboni asilimia 1 na kromi asilimia 15, na hizo ndizo zinazofanya kazi kubwa.

Watu wa bonde la mto Lualaba walikwisha kuamua zamani ni madini gani yanafaa makali. Mwaka 1957 na 1958 wanaakiolojia Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, huko ambako mto Lualaba unafika baada ya kutupita sisi. Baadhi ya makaburi hayo yana umri wa miaka elfu moja na zaidi. Shaba ilikuwamo: mikufu, bangili, na katika makaburi ya baadaye misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Lakini visu na majembe vilikuwa vya chuma. Watu walioishi jirani na shaba nyingi kuliko karibu watu wote wa Afrika waliivaa, wakainunulia vitu, na walipotaka kukata wakashika chuma.

Hawakukosea. Shaba ukiipiga nyundo ikiwa baridi inakuwa ngumu kiasi, kisha inafika kikomo. Chuma cha kisu kilichopikwa vizuri kinaizidi ugumu mara tano au sita. Na kinachokipa chuma ugumu huo si madini adimu. Ni kaboni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya makala unayowasha kwenye mbabula, tena kidogo mno: nusu gramu katika gramu mia inatosha kisu cha nyumbani. Hata hivyo kaboni kuwamo tu haitoshi. Chuma chenye kaboni kikiachwa kipoe polepole kinabaki laini, unaweza kukipinda kikakaa vile vile. Kila kitu kinategemea namna kilivyopozwa, na hapa ndipo nakuomba uvute kiti.

Fikiria ukumbi wa harusi huko Dilala. Viti ni atomu za chuma, watoto ni kaboni. Wakati wa hotuba viti vimeachana sawasawa ukumbi mzima. Kati ya kiti na kiti upo upenyo, lakini mwembamba, mtoto hapiti. Kwa hiyo watoto wamejikusanya pembeni wanacheza. Halafu muziki unakolea. Wageni wanainuka na kuvisukuma viti vibanane makundi makundi. Sasa angalia ajabu hii: viti vimesongamana kuliko mwanzo, na vyote pamoja vinachukua eneo dogo zaidi, ila nafasi chache zilizobaki zimekuwa pana. Watoto wanaziona, wanamiminika ndani. Hivyo ndivyo chuma kinavyofanya kinapovuka nyuzi 727. Chini ya hapo hakiwezi kupokea kaboni hata asilimia 0.03, kikivuka, kinapokea karibu asilimia 0.8.

Muziki ukizimwa taratibu, watoto hutoka mmoja mmoja, viti vikarudi mahali pake, na ukumbi ukawa kama ulivyokuwa. Hicho ni chuma kilichopoa polepole. Lakini hapa ni Kolwezi: umeme unakatika ghafla. Gizani kila mtu anavuta kiti chake kukirudisha kilipokuwa, na watoto hawajapata hata nukta moja ya kutoka. Wamenaswa katikati. Viti navyo haviwezi kukaa kama zamani. Safu zimelazimika kurefuka upande mmoja, na ukumbi umevimba hadi unasukuma kuta. Sasa jaribu kuisogeza safu moja mbele ya nyingine. Huwezi, kwa sababu kila hatua kuna mtoto amekwama. Na ugumu wa chuma ndio huo wenyewe, safu za atomu kushindwa kutelezeana. Kwenye ukumbi wa shaba hakuna watoto. Nyundo itavuruga viti kidogo, basi, yameisha.

Mpangilio huo wa kunaswa unaitwa martensiti, jina lililotolewa na Mfaransa Floris Osmond mwaka 1895 kwa heshima ya Mjerumani Adolf Martens. Kinachonifurahisha hasa ni mwendo wake. Hakuna atomu inayosafiri. Zote husogea pamoja, kila moja chini ya upana wa atomu moja, na wimbi hilo hupita ndani ya bapa kwa kasi inayoikaribia ile ya sauti ndani ya chuma. Na kwa kuwa chuma kinavimba hapo hapo, kisu kilichopashwa vibaya hupasuka ndani ya maji, ukasikia kabisa.

Tendo hilo la kukipoza chuma kwa ghafla tulipe jina. Wengi huandika kuzamisha, lakini mtumbwi pia huzama na hautoki mgumu. Naonelea tuseme kugutusha, maana chuma kinagutushwa kabla hakijajipanga. Hatua inayofuata, ya kukipasha tena kidogo kwenye nyuzi 180 au 200 kwa saa moja au mbili ili baadhi ya watoto waliobanwa wapate kujinasua, tuiite kutuliza. Kisu kilichogutushwa bila kutulizwa kina makali ya ajabu, kisha kinakatika siku kikianguka sakafuni.

Chuma kisichoshika kutu kina kisa chake. Harry Brearley alikipata Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki. Kromi iliyomo, ambayo haipungui asilimia kumi na nusu, hushikana na hewa na kutengeneza utando mwembamba usioonekana. Ukiukwaruza unajirudia wenyewe papo hapo. Wafua visu wa mji ule walikipokea kwa kejeli, wakasema mtu huyu amevumbua visu visivyokata. Walikuwa na haki, kwa moto waliouzoea. Kromi huikamata kaboni na kuikumbatia, na haiiachii mpaka chuma kifike karibu nyuzi 1000. Ukikigutusha kabla ya hapo, hakuna kaboni iliyo huru ya kunaswa.

Kisa hicho ndicho kinachokufaa sokoni. Mhunzi wa mtaani mwenye makala na mivukuto hukunja springi ya lori, chuma chenye kaboni ya kutosha na kromi kidogo mno, akaigutusha ndani ya mafuta kwa nyuzi mia nane na kitu. Anapata kisu kinachokata vikali sana na kinachoshika kutu ukikilaza na limau. Kisu kisichoshika kutu, kwa upande wake, ni kazi ya tanuri la kiwanda. Vyote viwili ni vizuri. Kibaya ni kile cha tatu, chuma cheupe cha kung’aa ambacho hakikugutushwa sawasawa, au hakiwezi kugutushwa kabisa.

Utakijuaje? Nenda na sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Vijiko vingi vya kung’aa vimetengenezwa kwa chuma chenye nikeli, ambacho viti vyake hukaa vimebanana wakati wote, iwe moto, iwe baridi. Sumaku kwa kawaida haikishiki, na hakuna maji yatakayokifanya kigumu. Bapa lisiloshika sumaku usilinunue. Kisha soma maandishi. Alama 3Cr13 ina maana ya kaboni takriban asilimia 0.3 na kromi 13: kisu laini, kinanolewa upesi na kuisha upesi. Alama 5Cr15MoV, au X50CrMoV15, au 1.4116, ni kaboni nusu asilimia na kromi 15. Hicho ndicho chuma cha visu vingi vya jikoni vya Ulaya vinavyosifiwa, chenye ugumu wa 55 hadi 57 kwa kipimo cha Rockwell, na siku hizi kinapatikana pia katika visu vya Kichina vya bei ya kawaida. Kukiwa hakuna maandishi, omba uguse sehemu ya makali karibu na mpini kwa ncha ya tupa. Tupa ikiteleza, kimegutushwa. Ikiuma kirahisi na kutoa vumbi, kirudishe.

Halafu umbo. Mapishi yetu yanahitaji visu viwili tu. Mpishi wa Kolwezi anapokata lengalenga au matembele hatumii ubao: anafunga majani kwenye ngumi ya kushoto, anayasukuma kwa kidole gumba, na kisu kinapita mbele ya ngumi kikichana nyuzi nyembamba zinazodondoka moja kwa moja ndani ya sufuria. Kazi hiyo inataka bapa la sentimita kumi hivi, jembamba, na mpini usioteleza ukilowa. Kisu cha pili kiwe cha sentimita ishirini, kwa kabichi, nyama, na samaki aina ya Thomson aliyetoka kwenye barafu, ambaye ni lazima umwache ayeyuke kwanza, maana samaki aliyeganda huvunja makali ya kisu chochote. Tazama unene juu kidogo ya makali. Muuzaji husifu kisu kizito, lakini kisu kinene kinapasua karoti badala ya kuikata, hata kiwe na chuma gani. Bapa liingie ndani ya mpini kwa kina na kufungwa kwa ribiti. Ukitikisa kisisikike kitu.

Makali yenyewe hayazidi sana unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita pale juu kabisa, na hapo ndipo watu huua kisu kizuri. Fundi wa jiwe la umeme anakibana mpaka cheche zinaruka, kisha anakurudishia kikiwa na mstari wa buluu kwenye makali. Buluu ni alama ya nyuzi 300 hivi au zaidi. Kimetulizwa upya kuliko kinavyostahili, watoto wametoka, na hakitashika makali tena mpaka sehemu hiyo iliwe yote. Kisu kilichotumika kuchokolea makala kwenye mbabula kimepatwa na hayo hayo. Mwambie fundi achovye majini kila akipitisha mara moja au mbili. Akikataa, ondoka na kisu chako.

Heri kunoa nyumbani. Fedha uliyookoa kwa kukiacha kile cha kobalti inunue jiwe lenye pande mbili, la kukwaruza na la kulainisha. Lilowe, ulaze kisu kwa pembe ya nyuzi kama 15 hadi 20, yaani mgongo umeinuka kidogo tu, usugue upande mmoja mpaka uhisi kwa kidole, upande wa pili, kinyuzi cha chuma kilichochomoza urefu wote wa makali. Kinyuzi hicho ndicho ushahidi kwamba umefika kileleni. Kabla ya hapo unachubua mashavu ya kisu bure. Geuza, sugua upande wa pili mpaka kirudi huku, kisha malizia upande laini kwa mkono mwepesi ukibadilisha pande mpaka kinyuzi kiishe. Katikati ya wiki pitisha kisu kwenye duara lisilong’aa chini ya kikombe cha kauri. Udongo ule uliochomwa ni mgumu kuliko chuma chochote cha jikoni. Kizingiti cha saruji kiache: kinaacha makali yenye meno, yanayochana nyama leo na kuisha kesho. Jaribu kwenye nyanya iliyoiva sana. Kisu kikizama kwa uzito wake bila wewe kukisukuma, acha kunoa, uanze kupika.