Chai ya nyumbani: wapi ukadirie, wapi upime

Katika nyumba nyingi nchini, chai hupikwa kwa jicho. Maji yanabandikwa, tangawizi inapondwa, majani yanamwagwa kiganjani kisha sufuriani, na mpishi anajua imeiva kwa kuitazama rangi. Muulize mama yako anatia majani kiasi gani, atakujibu "ya kutosha", na hapo mazungumzo yameisha.

Wapo pia wanaopima. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lina waraka namba 3103, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1980, unaoelekeza namna ya kuandaa chai: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, kwenye chombo chenye mfuniko, kwa dakika 6. Watu hucheka wakisikia habari hiyo. Lakini waraka ule haukuandikwa kwa ajili ya kifungua kinywa. Ni wa waonjaji, ili chai ya Mufindi na ya Kericho zikiwekwa meza moja, tofauti wanayoionja iwe ya majani yenyewe na si ya mkono wa mpishi.

Wagonjwa huniuliza ipi kati ya njia hizo mbili ni salama zaidi. Kwa mtu mzima mwenye afya, jibu langu ni kwamba majani, iliki, mdalasini na dakika za kuchemsha akadirie apendavyo. Chai ikiwa kali mno utakosa usingizi au tumbo litakuunguza, na kesho utapunguza mwenyewe. Kuna mambo matatu, hata hivyo, ambayo jicho huwa halioni: saa ya kunywa, joto la kikombe na sukari.

Nianze na saa, maana hapa ndipo ninapoona madhara mengi na watu wachache wanayajua.

Majani ya chai yana kemikali za jamii ya tanini, zile zinazoipa chai ukali wake ulimini. Zikikutana tumboni na madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mchicha, kisamvu au mkate, huyashika, na mwili hushindwa kuyafyonza. Kikombe kimoja cha chai ya rangi pamoja na chakula kinaweza kupunguza ufyonzaji wa madini hayo kwa zaidi ya nusu. Kutia maziwa hakusaidii sana. Na kadiri majani yanavyokaa motoni ndivyo tanini inavyozidi, kwa hiyo ile chai iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi ndiyo yenye nguvu zaidi katika jambo hili. Madini ya chuma yatokanayo na nyama, samaki na maini huathirika kidogo tu.

Sasa fikiria kiporo cha asubuhi: wali na maharage ya jana, na kikombe cha chai ya rangi pembeni. Mwanamume anayekula nyama mara kwa mara hatapungukiwa kitu. Mjamzito, msichana aliyeanza hedhi na mtoto mdogo ni habari nyingine. Zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vina sehemu yake, lakini upungufu wa madini ya chuma nao ni sababu kubwa.

Kliniki ya wajawazito huonyesha jambo hili wazi. Mama anapimwa, wingi wa damu unaonekana uko chini ya 11, anapewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Anarudi baada ya mwezi, damu haijapanda. Ukimuuliza kama anameza dawa, anaapa kwamba hajaruka hata siku moja, na anasema kweli. Muulize basi anamezea nini. "Chai, daktari, nikimeza na maji natapika." Dawa inaingia kila siku, na kila siku sehemu kubwa yake inapita na kutoka.

Kwa hiyo hapa tumia saa ya ukutani, si jicho. Chai inywewe saa moja au zaidi kabla au baada ya mlo, na vidonge vya kuongeza damu vimezwe kwa maji, mbali na chai. Kama vinakuletea kichefuchefu, meza usiku kabla ya kulala, au pamoja na chungwa au embe. Vitamini C iliyomo huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Hata limau lililokamuliwa juu ya mchicha lina kazi hiyo. Mtoto chini ya miaka miwili asipewe chai kabisa. Aliye chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama tu, na ile "chai kidogo ya kumtuliza tumbo" anayoshauri bibi ikataliwe kwa heshima, lakini ikataliwe.

Jambo la pili ni joto. Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vya moto sana, yaani vinavyozidi nyuzi joto 65, kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, njia ya chakula itokayo kooni kwenda tumboni. Kinachotajwa hapo ni moto wenyewe, si chai wala kahawa. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, una wagonjwa wengi wa saratani hii, na watafiti waliopima chai ya wanywaji mkoani Kilimanjaro walikuta wastani wa joto lake wakati wa funda la kwanza umezidi nyuzi 70. Chai ya maziwa ndiyo iliyonywewa ikiwa ya moto zaidi. Tumbaku na pombe vinachangia pia, na mtu anayejumlisha vyote vitatu anajiongezea hatari.

Huhitaji kununua kipimajoto. Ukimeza na ukausikia moto unashuka hadi kifuani, umewahi mno. Acha kikombe wazi dakika tano au zaidi, au mimina chai kutoka kikombe kimoja kwenda kingine mara mbili tatu. Wazee wa Pwani waliokuwa wakimimina chai kwenye kisahani kabla ya kuinywa tuliwaona washamba wa mezani, kumbe walikuwa wanalinda umio. Na kama chakula kimeanza kukukwama, kwanza ugali na nyama, kisha hata uji, usikae nyumbani ukijaribu dawa za tumbo. Nenda hospitali wiki hiyohiyo, maana saratani hii huletwa kwetu ikiwa imechelewa sana.

La tatu ni sukari. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi; kilichojazwa mpaka kikafanya kilima kinaweza kubeba karibu mara mbili. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari isizidi asilimia 10 ya nishati ya mtu kwa siku, sawa na gramu 50 hivi kwa mtu mzima, na linasema ni bora zaidi ikishuka chini ya 5, yaani gramu 25. Hiyo ni pamoja na soda, juisi na maandazi.

Nani atapima gramu kila asubuhi? Hakuna. Lakini mfuko wa sukari unaweza kukupimia. Siku unayofungua kilo mpya, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Nyumba ya watu sita wanaotumia gramu 25 kila mmoja inapaswa kukaa na kilo hiyo karibu wiki nzima. Ikiisha siku ya tatu, kila mmoja wenu anatumia zaidi ya gramu 50 kwa siku, kabla hata ya kuhesabu soda. Ukitaka kuwatoa wageni wa Jumapili kwenye hesabu, watoe, mimi siwatoi.

Njia rahisi ya kupunguza ni kuacha kutia sukari sufuriani au kwenye chupa. Iwekwe mezani, kila mtu atie yake. Hapo mwenye kisukari atakunywa chai ileile na wenzake bila kupikiwa peke yake, na mtoto aliyezoea vijiko vitatu anaweza kushushwa nusu kijiko kila baada ya wiki mbili bila kelele nyingi.

Wengine huniambia wameacha sukari, siku hizi wanatia asali. Asali nayo WHO inaihesabu kama sukari, na kijiko chake kinaingia kwenye gramu zilezile 25.