Malisho ya Watu Wote Katikati ya Mji

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule yetu, kila likizo nilichunga ng'ombe wa baba huko Ankole, katika malisho ambayo hayakuwa ya mtu mmoja. Sikudhani kwamba siku moja nitakaa mji wa Boston, huko Marekani, nikute malisho ya namna hiyo katikati ya mji mkubwa, yamezungukwa na majumba marefu pande zote. Jina lake ni Boston Common, yaani uwanja wa watu wote. Nimeona yafaa niwaeleze habari zake, kwa kuwa mna mafunzo ndani yake.

Hapo kale rasi ile iliitwa Shawmut, nayo ilikuwa nchi ya Wamassachusett. Akaja Mwingereza mmoja, William Blackstone, akakaa peke yake. Mwaka 1630 wakafika Waingereza wengine, wakajenga mji. Hata mwaka 1634 wakanunua ardhi ya Blackstone kwa pauni 30, na kila mwenye nyumba akachanga shilingi 6 au zaidi. Wakatenga uwanja, uwe malisho ya ng'ombe na mahali pa askari kufanyia mazoezi. Angalieni basi: uwanja huu haukuwa zawadi ya mfalme. Watu waliuchangia.

Lakini shida haikukawia. Wenye mali walileta ng'ombe wengi, majani yakapungua. Na wengine walitaka kukatiwa viwanja vya nyumba humo humo. Mwaka 1640 mkutano wa mji ukaamuru kwamba ardhi ya wote isigawiwe tena kwa nyumba wala bustani, ila vipande vichache vilivyokwisha kutajwa. Mwaka 1646 ukapanga hesabu: ng'ombe wa maziwa 70 tu, basi. Anayependa kondoo aweke wanne badala ya ng'ombe mmoja. Ndama na farasi wasiingie, isipokuwa farasi mmoja wa mzee wa kanisa. Niliposoma hayo nilicheka, maana nilidhani nasikiliza baraza la wazee wa kwetu.

Mambo mengi yamepita hapo. Askari wa Kiingereza walipiga kambi uwanjani tangu mwaka 1768, na usiku wa tarehe 18 Aprili 1775 waliondoka hapo kwenda Lexington na Concord, ambako vita vya uhuru wa Marekani vilianza. Mwaka 1830 ng'ombe walikatazwa kabisa, kwa kuwa mji umekua. Tarehe 23 Aprili 1965 Martin Luther King aliongoza maandamano mpaka hapo, akahutubia maelfu ya watu juu ya ubaguzi wa shule na nyumba. Tangu mwaka 2023 iko sanamu kubwa ya shaba ya mikono inayokumbatiana, ukumbusho wake yeye na mkewe Coretta.

Ukubwa wa uwanja ni eka 50 hivi. Una miti, njia za miguu, na Bwawa la Vyura, ambalo wakati wa baridi watu huteleza juu ya barafu yake, na wakati wa joto watoto huchezea maji. Chini ya ukingo wake hupita treni, kwa njia iliyofunguliwa mwaka 1897, na tangu mwaka 1961 motokaa huegeshwa chini ya ardhi. Lakini juu majani yamebaki.

Yamebakije, karibu miaka 400? Si kwa sababu watu wa Boston hawana tamaa. Ni kwa sababu sheria imeandikwa. Mji ulipofanywa jiji mwaka 1822, hati yake ilikataza halmashauri kuuuza au kuukodisha uwanja huo.

Sasa nirudi kwetu. Malisho niliyochungia hayapo tena. Hakuna tajiri aliyeyachukua kwa siku moja. Kila nyumba ilisogeza ua wake hatua chache, mwaka huu migomba, mwaka ujao mihogo. Chovya chovya yamaliza buyu la asali. Hata baba yangu alisogeza wa kwake, nami ndimi niliyemshikia vigingi. Leo ng'ombe waliosalia hupitishwa barabarani kwenda mtoni, na watoto hawana pa kuchezea mpira.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu, mkienda likizo waulizeni wazee: malisho ya wote yanaishia wapi? Njia ya kisimani ina upana gani? Yaandikeni majibu katika daftari, na majina ya waliowaambia, kisha yapelekeni barazani yasomwe mbele ya watu. Wazee wetu waliijua mipaka kwa kichwa tu, nao wanakwisha.